Mbuyu hauoti, mng'ongo hauzai, juisi imekuwa gundi: tatizo liko wapi?

Wengi tunaipanda hii miti ya asili kwa mazoea ya mwembe na mchungwa, yaani kiriba kidogo (kale kamfuko ka kuoteshea miche), samadi ya kutosha, maji asubuhi na jioni, alafu mtu anashangaa mbegu haijatoka, au imetoka ikalala, au mti umepita bati la nyumba na hauna hata tunda moja la kuonyesha jirani. Ukiniletea mti wenye shida swali langu ni moja tu, huko porini hii kazi huwa anaifanya nani? Ganda la mbegu analainisha nani, ua anachavusha nani, mzizi unakula na nani. Ukishajua, basi hapo nyumbani zamu yake unaichukua wewe. Shida nyingi zinaishia hapo, na hata za jikoni zina mantiki hiyo hiyo kwa sababu tunda la porini lina ukali wake na utomvu wake, huwezi kulikamua ka chungwa.

Mbegu ya mbuyu iko ardhini mwezi mzima, kimya

Kwanza umeitoa wapi. Kama ni za ule ubuyu mwekundu wa kwenye pakiti, sahau, ile imepita kwenye shira ya moto na rangi na pilipili, sio ya kupanda. Tafuta ubuyu mweupe ambao bado una mbegu, au pasua buyu mwenyewe, loweka, sugua mpaka unga wote utoke maana ukibaki unaleta ukungu.

Mbegu ikiwa nzima na bado haioti, hapo ishu ni ganda. Maji hayapiti, na inaweza kulala ardhini hivyo hivyo misimu na misimu bila kuoza wala kuota. Porini tembo na nyani wanabugia tunda, mbegu inapita tumboni, inatoka imeshalainika tena iko katikati ya mavi yenyewe, kitalu tayari. Wewe huna tembo ila una birika. Chemsha maji, epua, weka mbegu kwenye bakuli, mimina, funika, ziache humo humo zipoe mpaka kesho taimu kama hiyo. Usizichemshe zikiwa juu ya moto, utakuwa unapika.

Kesho yake ndo angalia vizuri, usizipande zote kwa mkupuo. Iliyokunywa maji imevimba inaonekana kabisa kuliko mwenzake, ukiibonyeza kwa kucha ganda linabonyea na lina utelezi fulani. Ambayo haijanywa iko vile vile, ndogo, nyeusi, kavu, ukucha unateleza juu. Zilizovimba panda leo leo, kina cha kama sentimita 2. Zilizogoma chukua kikata kucha au msasa, uzikwangue upande wa mgongo, sio pale penye kovu ilipokuwa imeshikilia kwenye tunda maana kiini cha kuotea kiko upande huo, kwangua mpaka uone weupe kwa ndani, rudisha kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Za kwanza utaziona ndani ya wiki moja mpaka tatu hivi. Na usimwage ule udongo haraka, kuna zinazosubiri mvua ya msimu unaofuata zinajitokeza zenyewe wakati umeshapanda kitu kingine.

Mkwaju ni ndugu yake kwa tabia hii ila sio mkaidi sana, kuloweka tu siku nzima mara nyingi kunatosha. Kitu cha kuangalia kwa mkwaju ni vitundu. Mbegu yenye katundu kaduara imeshaliwa ndani na mdudu yule yule jamii ya wanaotoboa maharage na karanga, hata uiloweke wiki nzima hamna kitu. Anataga yai kwenye ganda la tunda likiwa bado mtini, kwa hiyo kokota mapema, usiache ukwaju ukalala chini ya mti mpaka uukumbuke.

Mng'ongo je? Ule una kokwa gumu kweli kweli na kwenye kokwa kuna vifuniko viwili au vitatu, kila kifuniko kina mbegu yake chini. Mbegu mbichi iliyotoka kwenye tunda leo inaota vibaya. Hapa subira inasaidia kuliko maji ya moto, kausha, weka pakavu miezi kadhaa, alafu loweka na uvibandue vile vifuniko na ncha ya kisu taratibu, mikono yako usiikate. Na kama unataka njia fupi, kata tawi nene la unene wa mkono, lichimbie mwanzoni mwa mvua, linashika.

Mkusu umeota vizuri alafu umedumaa, majani ya njano

Huu ni mti wa matunda wa wenzetu wa Tabora, Rukwa, Iringa na Songea, wa pwani wanaujulia sokoni tu, na mtu wa pwani akiniuliza kwa nini haumei kwake namwambia ukweli, huu ni mti wa misitu ya miombo, sehemu za mwinuko kama mita 500 kwenda juu, udongo wa kichanga usiotuama maji. Usiuonee.

Kwa aliyeko kwenye eneo lake na mti bado umegoma, kuna mambo mawili. La kwanza mbegu ya mkusu haivumilii kukauka. Ile ya mbuyu unaweza kuisahau kabatini, hii ukiianika imekufa, kula tunda leo panda wiki hii hii. La pili, na ndo linalowashinda wengi, mizizi ya mkusu inaishi kwa ushirika na uyoga fulani wa ardhini, nyuzi nyembamba nyeupe zinazoshikana na mizizi na kuuletea chakula. Udongo wa dukani au udongo uliochomwa hauna hiyo kitu. Unaweza kuweka samadi ndoo nzima na mche ukabaki vile vile wa njano, tena samadi nyingi inaharibu zaidi. Dawa ni bure kabisa, nenda chini ya mkusu mkubwa unaozaa, kwangua majani makavu ya juu, chota udongo wa sentimita chache za juu pamoja na vile vinyuzi, uchanganye kwenye viriba vyako. Ukihamisha mche shambani hamisha na bonge lake lote la udongo, usikung'ute mizizi.

Mche umelala chini kama umekatwa

Asubuhi unaukuta umeanguka, shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapogusana na udongo, majani bado ya kijani. Hiyo ni kinyausi, ile ile ya kwenye kitalu cha nyanya, vimelea vya ukungu vinavyopenda unyevu na msongamano. Sababu karibu siku zote ni maji mengi. Mbuyu mchanga haupendi kuloa kila siku, huo ni mti wa ukame, mzizi wake unavimba unakuwa ka karoti kwa ajili ya kuweka akiba ya maji. Changanya mchanga wa mto nusu kwa nusu na udongo, toboa kiriba chini, mwagilia udongo ukikauka juu ukiusikia kwa kidole, viriba visibanane. Mche ulioanguka hauinuki, utoe na udongo wake utupe mbali.

Kiriba nacho kiwe kirefu. Mzizi mkuu wa mbuyu na wa mkwaju unashuka haraka kuliko shina linavyopanda, ukiuweka kwenye kale kakopo ka siagi unafika chini unajisokota, na ukishajisokota hata uupande kwenye shamba la neema utakaa miaka unazubaa.

Alafu kuna hii ya kila mwaka, "mbuyu wangu umekufa, umepukutisha majani yote". Mwezi gani? Wa sita, wa saba? Basi haujafa, umelala, mbuyu mkubwa unapukutisha kiangazi na mdogo hivyo hivyo. Kinachouua ni mtu mwenye huruma anayeongeza maji wakati hauna majani ya kuyatumia, mzizi unaoza. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake uache upumzike. Bonyeza shina karibu na ardhi, likiwa gumu salama, likibonyea na kutoa harufu mbaya hapo ndo pole. Na wale wanaosema "nimeuziwa mti sio mbuyu, mbona jani moja moja", tulieni, mbuyu mchanga unaanza na majani ya kawaida yasiyogawanyika, yale ya vidole vitano na zaidi yanakuja baadaye.

Mbuzi sitawaelezea, weka miiba.

Mti mkubwa, unachanua, hauzai

Hapa usikimbilie mbolea, hapa ndo lile swali la nani anafanya kazi lina maana zaidi.

Mng'ongo: kuna dume na jike. Mti dume utachanua kila mwaka, maua yanapukutika, tunda hamna na halitakuja hata uuchome sindano. Utaujuaje? Dume maua yake yanakaa kwenye vishada virefu vinavyoning'inia, mengi mengi, jike vishada vifupi na maua machache. Kabla haujachanua hamna namna ya kujua kwa macho, anayekuuzia mche wa mbegu kwa kukuhakikishia ni jike anakuchezea. Kwa hiyo ama panda miche kadhaa na ukubali kwamba mingine itakuwa madume, ama bebesha, yaani uunganishe mche wako na kikonyo (kijiti cha kupandikiza) kutoka kwenye mti jike unaoujua unazaa matunda makubwa. Ila usikate madume yote kwa hasira, jike bila dume karibu nalo halizai, nyuki wanahitaji pa kuchota chavua. Mkusu nao una dume na jike, maneno ni hayo hayo.

Mbuyu hauna dume na jike, ua moja lina vyote, lakini wazee sehemu nyingi wanakwambia ule pale ni mbuyu dume, na wana kitu wanachokiona maana kweli kuna mibuyu inachanua miaka yote haina mabuyu ya maana. Sababu mojawapo ni kwamba mbuyu kwa kawaida haukubali chavua yake mwenyewe, unataka ya mti mwingine. Mbuyu mmoja peke yake kwenye kijiji kipya kilichofyekwa kila kitu, utazaa na nani? Na anayebeba ile chavua ni popo. Ua la mbuyu linafunguka jioni jua likizama, jeupe, linaning'inia kichwa chini, lina harufu nzito ambayo wengine hawaipendi, usiku ule ule popo wala matunda wanakuja kulamba utamu wanaondoka na unga kifuani, asubuhi ua limeshanyauka. Usiku mmoja tu ndo nafasi yake. Sasa kama mtaani kwenu popo wanafukuzwa kwa mawe na moshi kwa kusingiziwa uchawi, msilalamike mabuyu yamepungua.

Kabla ya yote hayo lakini uliza umri. Mbuyu wa mbegu ukizaa kwenye mwaka wa 8 una bahati, na miaka 20 ni kawaida tu, mkwaju wa mbegu nao miaka 7, 10, na kuendelea. Asiyetaka kusubiri abebeshe. Mche mchanga wa mbuyu unashika kikonyo vizuri na unaweza kuanza kuzaa miaka kama mitano tu, mkwaju uliobebeshwa mitatu minne. Mkwaju pia una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja alafu unaofuata unapumzika, huo sio ugonjwa.

Mbungo: wengi wameupanda katikati ya uwanja peke yake kama mwembe, unatambaa tambaa chini hauna muelekeo. Huu ni mtambaazi, porini unapanda miti mikubwa mpaka juani na unazaa kule juu. Upe mti wa kupanda au chanja imara ya nguzo, maana ukikomaa ni mzito, na juu uwe unapata jua. Kamba ya nguo haitoshi jamani.

Matunda yapo ila hayaivi, au yanaoza ndani

Ng'ongo hazichumwi. Zinaanguka zikiwa za kijani na zinaivia chini, siku chache zinageuka njano na kunukia. Anayepanda juu kutikisa matawi anapata tunda chachu lenye ngozi ngumu ambalo halitakuwa tamu kamwe. Fagia chini ya mti, okota kila asubuhi.

Buyu ni kinyume, unga wake unakauka wenyewe ndani ya ganda ukiwa bado mtini, ganda likiwa zima huna kazi ya kuanika. Tikisa, ukisikia kinacheza ndani kiko tayari. Ukipasua ukakuta kahawia, vimegandana, vinanuka, basi ganda lilikuwa na ufa au limekaa kwenye ardhi ya unyevu. Usichanganye hata kidogo na ule mzuri. Kwa wanaouza hii ni ya kuzingatia, tangu Umoja wa Ulaya uliporuhusu unga wa ubuyu kama chakula kipya kwenye soko lake mwaka 2008 wanunuzi wa nje wameongezeka, na unga unavuta unyevu wa hewani haraka sana, ukishauchekecha weka kwenye chombo kinachofunga kabisa siku ile ile.

Mtonga, ule mti wa matonga yenye ganda gumu, nitasema kimoja tu cha usalama. Subiri ganda liwe la njano kabisa, kula nyama yake, mbegu teme. Mbegu za ukoo huo zina sumu, na watoto waambiwe wasizitafune wala zisiingie kwenye blenda.

Sasa jikoni

*Juisi ya ubuyu imekuwa gundi, au ina michanga na uchungu.* Gundi ni kwa sababu ubuyu una ile kitu inayogandisha jamu, ukiuchemsha unazidi kuvutika. Usichemshe. Loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa hivi, vuruga kwa mkono au mwiko mpaka mbegu zibaki tupu, chuja, alafu ongeza maji baridi mpaka upate uzito unaoutaka. Na usipochemsha vitamini C nayo inabaki. Michanga na uchungu ni mbegu zimesagwa, mtu katupia kila kitu kwenye blenda. Maziwa yakikatika ni ukali wa ubuyu, hasa kama ni ya moto, yapoze kabisa, weka sukari kwanza kwenye juisi, maziwa ya mwisho na unywe pale pale, au achana na maziwa tumia tui la nazi ambalo binafsi naona ndo lenyewe.

*Ubuyu wa rangi unanata, haukauki.* Shira haijafika. Sukari, maji kidogo, rangi, iliki, pilipili kidogo kwa anayependa, inachemka. Sasa chota tone, ipoe sekunde chache, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, uachanishe. Ikikatika ni bado maji, ikivuta uzi mwembamba usiokatika haraka hapo ndo mwaga ubuyu, epua, na ugeuze geuze bila kuacha mpaka sukari ianze kugeuka kavu kwenye mbegu. Ukiacha kugeuza unapata bonge moja. Tandaza kwenye sinia, hewani, na siku za mvua kubwa Zanzibar hata fundi anahangaika maana unyevu ni mwingi, subiri siku kavu.

*Uji wa ukwaju una ladha ya chuma.* Umetumia sufuria ya alumini na ukwaju umekaa humo. Ukwaju ni tindikali unakula sufuria. Loweka kwenye bakuli la plastiki au la udongo, kamua, chuja, ivisha uji wako mpaka uive kabisa, epua ndo utie maji ya ukwaju na sukari. Maziwa usiweke, yatakatika, uji huu haujazaliwa na maziwa. Ubuyu kwenye uji ni hivyo hivyo, wa mwisho, moto umezimwa.

*Mchuzi wa samaki wa ukwaju, tui limekatika mafuta juu maji chini.* Mpangilio tu. Ukwaju unaingia mapema kwenye tui jepesi pamoja na samaki na viungo, uchemke ukali utulie, tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga upande mmoja, likianza kuchemka tu epua. Ukimwaga ukwaju juu ya tui zito linalotokota hamna uchawi utakaoliunganisha.

*Mboga ya majani ya mbuyu inanuka sabuni.* Magadi yamezidi. Majani haya yanateleza yenyewe kama mlenda, chumvi ya magadi ni ya kulainisha tu, kidogo sana, na kama majani ni machanga usiweke kabisa. Ya kukausha kwa ajili ya kiangazi anika kivulini, jua kali linayafifisha rangi na vitamini A inapotea nayo, yakikauka yatwange, weka kopo kavu.

*Juisi ya mbungo inakwaruza koo.* Ama bungo lilikuwa halijaiva, linatakiwa liwe la rangi ya machungwa kote na linabonyea kidogo, ama utomvu wa ganda umeingia humo. Kata ganda pembeni, ule ulimbo mweupe ufute na kitambaa kabla hujafungua, visu na mikono paka mafuta ya kula kwanza la sivyo utasugua mpaka kesho. Chota nyama na mbegu zake, ganda tupa, chemsha na maji kidogo kwa dakika chache, sugua kwenye chujio zile mbegu zibaki juu. Itakuwa kali hata ukifanya kila kitu sawa, ndivyo ilivyo, ongeza maji na sukari na iliki kidogo, na kama umepata mabungo mengi kwa wakati mmoja igandishe ile rojo nzito kwenye friza kabla ya kuongeza maji na sukari.